Kitanda cha Kabula

Juzi fundi aliyekuja kunitengenezea banda la kuku alipaka nguzo zote oili chafu ili mchwa wasile, akaniomba radhi kwa harufu. Nikamwambia apake tu, asihofu. Kisha nikachukua kigoda nikakaa karibu kabisa na zile nguzo, khanga kiunoni, navuta pumzi kama mtu aliyealikwa pilau, mpaka fundi akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Nimwambie fundi wa kuku kwamba oili chafu ikichanganyika na harufu ya ubao uliokatwa sasa hivi, baba yangu anarudi kwenye ua huu huu, penseli nyuma ya sikio, ananiita nikamshikie ncha ya ubao? Angeacha kazi akaondoka.

Nasema ua huu huu kwa sababu sijaenda mbali. Wenzangu niliosoma nao sekondari wamefika Dar, wamefika Arusha, mmoja yuko Ulaya anatuma picha amevaa makoti mawili. Mimi nimefika Mwanza mara kadhaa, na kila nikifika swali langu la kwanza huwa basi la kurudi Bariadi linaondoka saa ngapi. Kwa hiyo mambo ninayoyajua ni ya humu humu ndani ya wigo, na hili ni mojawapo.

Wa rika langu hamtashangaa nikisema nilikuwa nalala chini, juu ya ngozi ya ng'ombe. Wengi tumelalia ngozi, na ngozi iliyolainishwa vizuri haina ubaya wowote. Ila ya kwangu ilikuwa na sababu yake. Nilikuwa kikojozi. Na si kikojozi wa bahati mbaya, wa mara moja moja. Nilikuwa na bidii. Godoro la pamba alilonijazia mama nililiozesha kabla pamba ya msimu uliofuata haijapandwa. Ndipo nikahamishiwa kwenye ngozi, na ahadi ikatolewa mbele ya familia nzima: Kabula ukiacha kulowesha, utapata kitanda.

Kila asubuhi mama aliitoa ile ngozi akaitundika juu ya wigo wa minyaa ikauke. Waliopita kwenda kuchota maji waliitazama, wakajua habari za usiku wangu kabla hata sijanawa uso. Jina langu nalo halikunisaidia. Kwetu mtoto wa kike akizaliwa wakati wa mbula, yaani mvua, huitwa Kabula. Basi watoto wenzangu wakiiona ngozi wigoni, walikuwa wanaangalia mawinguni na kuulizana kwa sauti kubwa mvua imenyesha saa ngapi, mbona kwao haikufika.

Halafu nikaacha. Sijui ilikuwaje. Siku moja niliamka mkavu, nikadhani nimekosea. Kesho yake tena mkavu, na keshokutwa. Nikawa nangoja mtu agundue. Hakuna aliyegundua. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na shamba la pamba mbele yake. Kila asubuhi aliichukua ile ngozi kwa ncha mbili za vidole, uso ameugeuzia pembeni, akaitundika palepale pa siku zote. Mkavu mimi, ngozi wigoni, na watoto wanaangalia mawingu. Sikujua mtu anatangazaje kwamba hakufanya kitu. Ukivunja chungu, unaitwa. Usipokivunja, nani akuite?

Baba alikuwa na yake ya kumsumbua. Alikuwa dereva wa ushirika, anavuta matela ya pamba kutoka vijijini kuleta kiwandani. Kisha lilikuja soko huria. Mnakumbuka jinsi vitu vilivyojaa ghafla sokoni, sabuni za kunukia, mitumba, redio za kila rangi, na wanunuzi binafsi wa pamba wakatua na mizani zao. Ushirika ukapunguza watu, na baba akapunguzwa. Akapewa kiinua mgongo. Mimi nilidhani ni dawa, kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma kweli, nikashangaa sana siku aliporudi nyumbani na boti.

Ndiyo, boti. Bariadi hii hii, ambako maji ya kina kirefu kuliko yote ni ya kisimani. Ilikuwa ya mradi mmoja uliokwisha muda wake, wenyewe wakauza vitu wakaenda zao: boti nyeupe ya faiba, juu ya tela la magurudumu mawili. Nadhani baba alilipenda tela kwanza, maana matela ndiyo aliyoyajua. Mpango wake ulikuwa kuivuta mpaka Kalemela, ziwani, kwa mjomba wangu, wavushe watu na dagaa. Ila shida ilikuwa kwenye zile mbao mbili ndefu zinazokaa juu ya tela, ambazo boti huzilalia tumbo. Zilikuwa zimeoza. Ukibonyeza, kidole kinaingia. Boti ikirushwarushwa na makorongo juu ya mbao za namna ile, ingefika Kalemela imepasuka, na kiinua mgongo chote kingeishia hapo. Kwa hiyo aliishusha boti, akailaza uani juu ya matairi mabovu, tela likabaki mifupa mitupu, na safari ikakwama. Majirani wakaanza kumwita Nuhu. Walimuuliza wanyama ataanza kuwapakia lini.

Mbao hizo baba aliziita kitanda. Kitanda cha boti. Na boti yenyewe, bila kutuambia nyumbani, alikuwa amekwisha kuipa jina langu. Alitaka kutushtukiza siku ya safari, limeshaandikwa ubavuni. Aliyejua ni rafiki yake mmoja tu, Maduhu, waliyepunguzwa naye ushirika, ambaye sasa aliuza mbao. Haya yote mimi nilikuja kuyajua baadaye. Nyinyi nimewaambia mapema msije mkapotea kama nilivyopotea.

Nilikuwa nyuma ya nyumba natafuna michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, wakati Maduhu alipopita na baiskeli. Hakushuka. Aliegemeza mguu mmoja kwenye jiwe la mlangoni.

"Kabula hajambo?" akamuuliza baba.

"Kabula yupo, lakini ananisikitisha," baba akasema. "Hana kitanda. Nimemlaza chini tu."

"Mpaka lini sasa?"

"Kesho nakuja kwako. Nataka nimtengenezee kitanda cha kweli, Maduhu, siyo cha kubahatisha. Asije akaumia mbavu."

Michembe ilinigandia mdomoni. Baba alikuwa amejua! Katika watu wote wa nyumba ile, yeye ambaye alionekana haoni kitu zaidi ya boti yake, ndiye aliyekuwa ananihesabia asubuhi zangu kavu. Jioni ile nilimpelekea maji ya kunawa bila kutumwa, nikasimama na kopo pembeni mpaka akaniuliza kama nina homa.

Asubuhi alinipandisha nyuma ya baiskeli. "Twende kwa Maduhu," alisema. "Nataka uzito wako."

Uzito nilikuwa nao. Nilikuwa bonge la mtoto, na njiani baba alishuka kwenye kila mwinuko akasukuma, anahema, nami nimekaa juu kama gunia la serikali. Sikuona ajabu. Fundi wa kitanda si lazima apate vipimo?

Kwa Maduhu palikuwa nyuma ya soko. Kibanda cha bati, mbao zimeegemezwa kila upande kama watu wanaongoja zamu zahanati, kijana mmoja anakata kwa msumeno, na mlangoni mama anauza uji, ambaye kila mtu alimwita Mama Uji. Baba akawasalimia, "Mwangaluka," wakaitikia, na kazi ikaanza.

Sijawahi kuona mtu akichagua kitu namna ile. Alivuta ubao, akauinua usawa wa jicho, akafumba jicho la pili na kuutazama urefu wote kama anayelenga ndege. Akitikisa kichwa, anaurudisha. Anavuta mwingine. Alitafuta vifundo, yale macho ya mbao, akavigonga kwa ufunguo akisikiliza. Alilamba kidole akapaka mate kwenye ubao aone nyuzi zinakwenda wapi. Akanusa. Nami nimesimama pembeni nimevimba kama mwali, nawaza: yote haya kwa ajili yangu! Hata mama hakuchaguliwa hivi.

"Huu una jicho katikati," alisema. "Utakatikia hapa, Kabula aende chini."

"Chukua mninga basi," Maduhu akasema. "Mninga hauna utani."

"Mninga ndio nautaka. Lakini niambie habari ya maji. Kabula wewe unamjua. Kwake kulowa ni kila siku."

Masikio yangu yakashika moto.

"Jina lenyewe mvua," Maduhu akacheka. "Asilowe yeye, alowe nani?"

"Analowa, halafu analala hivyo hivyo mpaka kunakucha. Maji hayana pa kupitia. Za mwanzo zimeoza kwa sababu hiyo."

Za mwanzo? Sikuwahi kuwa na mbao za mwanzo. Lakini nikakumbuka lile godoro, nikainamisha kichwa.

"Toboa matundu maji yapite," Maduhu akashauri. "Na kabla ya yote, piga oili chafu, mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Hapo alowe asubuhi, alowe jioni, uozo hausogei."

"Na juu nitapigilia zulia, asichubuke."

"Uzito wake ukoje?"

Baba akapuliza mashavu. "Bwana we! Ukimwona kwa mbali anadanganya. Ni mzito huyo. Na uzito wenyewe wote umekwenda nyuma."

Mama Uji aligeuka akanitazama, kisha akakoroga uji wake taratibu, midomo ameibana.

"Na hapo bado hatujamfunga mashine," baba akaendelea.

"Mashine umeshapata?"

"Ya mkono wa pili. Ina kelele kidogo, lakini inapiga. Nikishamfunga nyuma, ndiyo mwisho wa matatizo yote."

Mashine pekee niliyoijua mimi ilikuwa ya kusaga, ile ya kule stendi iliyokuwa inatikisa mpaka ukuta wa duka la jirani. Na papo hapo nikaelewa. Soko huria lilikuwa limeleta kila kitu. Kumbe lilikuwa limeleta na dawa ya vikojozi. Mtu anafungwa mashine nyuma. Ya mkono wa pili. Maana yake kuna mtoto mwingine mahali fulani aliyekwisha kuitumia.

"Baba!" nililia. "Siku hizi silowi! Msinifunge mashine!"

Msumeno ukanyamaza. Maduhu akanitazama mimi, akamtazama baba, kisha akajikunja taratibu akakalia rundo la mbao akicheka bila sauti, machozi yanamtoka, anapiga paja lake. Mama Uji alishika mdomo kwa ncha ya khanga.

Baba hakucheka. Alibaki ameshikilia ubao wake, sura yake inahangaika kama dereva aliyekosa gia kwenye mlima. Kisha ikaingia. Aliulaza ubao chini, akachutama mbele yangu.

"Nani halowi?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoanza kuchuma pamba."

"Na tumeshamaliza kuchuma," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Mama yako anajua?"

"Hajauliza."

"Sasa kwa nini hukusema, ng'wanone, mwanangu?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nakumbuka nilingoja aniulize kama nasema kweli, maana watu wazima ndivyo walivyo, mtoto akitoa habari njema wanataka shahidi. Hakuuliza. Aliweka mkono wake kichwani kwangu, mkono wenye vumbi la mbao, akaugeuza uso wake kwa wale wengine.

"Mmesikia," akasema. "Siku hizi halowi."

"Tumesikia," Mama Uji akaitikia kwa heshima kabisa, kama ametangaziwa posa.

Ndipo akanieleza. Kabula waliyekuwa wanamsema ni boti. Uzito ni wa boti, mashine ni ya boti, na kulowa, kwa kuwa boti inashinda majini, ni kazi yake. Ameipa jina langu kwa sababu ni jina la maji, na kwa sababu ndicho kitu kizuri alichokuwa nacho cha kuipa. Alinieleza kwa furaha, akidhani nami nitafurahi.

"Na kitanda?" nikauliza.

"Kitanda cha boti. Zile mbao za kwenye tela."

Nikalia. Hicho hakikuwa kilio cha woga kama cha kwanza; hiki kilitoka tumboni. Kwa hiyo boti inapata kitanda, inapata zulia, na imeshachukua jina. "Mimi," nilisema katikati ya kwikwi, "sasa mimi nabaki na nini?"

"Hapo umeshtakiwa, ndugu yangu," Maduhu akasema. Alikuwa ameacha kucheka.

"Na kesi imekushinda," Mama Uji akaongeza, akanijazia kikombe cha uji na kukisukuma mikononi mwangu. Kikombe kizima. Nyumbani uji wangu wa jioni ulikuwa umekatazwa zamani, kwa sababu mnazozijua.

Nilikunywa huku nalia. Baba alisimama katikati ya zile mbao akijikuna shingo. Hela aliyokuja nayo ilikuwa ya mbao mbili za mninga, basi, na niliona anautazama ule mninga jinsi watu wanavyomtazama ng'ombe wa mtu mwingine. Kisha akavuta magogo mawili, akayatenganisha, akalaza ubao wa mninga juu yake.

"Njoo ukae katikati," akaniambia. "Ndiyo kazi niliyokuletea."

Nikakaa na kikombe changu. Ubao haukujua kama kuna mtu.

"Rukaruka."

Nikarukaruka. Hakuna kitu. Akautoa, akaweka wa paini, ubao mweupe wenye harufu kali ya utomvu. Nilipokaa, ulibonyea kidogo ukanipokea. Niliposimama, ukarudi ulivyokuwa. Nikakaa tena bila kuambiwa. Ilikuwa raha.

"Paini?" Maduhu akashtuka. "Paini ni ya kenchi za paa na dari. Usinitukane, baba Kabula."

"Tazama lakini. Tumbo la boti ni la mviringo. Nikiweka mninga, litagusa sehemu mbili tu, uzito wote ukae hapo, korongo la kwanza tu, tumbo lipasuke. Inatakiwa mbao inayoinama kidogo, imkumbatie."

"Na hilo umelijua leo?"

Baba akaupangusa ubao vumbi. "Nimelijua tangu juzi," akasema. "Mninga nilikuwa nautaka kwa ajili ya watu. Wakiniita Nuhu, waseme basi Nuhu wa mninga."

"Paini hii utairudia. Inalowa, inakauka, inalowa. Oili au usipige oili, msimu wa tatu uko hapa kwangu unalia."

"Nitarudi. Hela ya mbao hizi mbili za mninga inatoa paini ya boti na ya kitanda cha mtoto?"

Maduhu akanitazama nilivyokaa, uji umenipaka masharubu. "Inatoa," akasema. "Na misumari nawapa."

"Basi kata. Ya Kabula wote wawili."

Na kweli alirudi, kama Maduhu alivyotabiri. Paini ya kwanza ilioza, akabadilisha, nayo ikaoza, akabadilisha tena, na kila mara alinichukua nikakae katikati ya ubao, hata nilipokuwa nimeanza sekondari na naona aibu kukalia mbao mbele ya watu. Boti ilivusha watu Kalemela miaka mingi bila ufa. Mimi niliipanda mara moja tu, nikatapika kutoka ufukwe huu mpaka wa pili, mjomba akasema hajawahi kuona Kabula mmoja akimuaibisha mwenzake hivi.

Siku ile tulirudi kwa miguu, mbao zimefungwa kwenye baiskeli, mimi nimeshika ncha ya nyuma. Mama alikuwa uani anapepeta choroko, na ngozi yangu iko wigoni.

"Mama Kabula," baba akamwita, "hiyo ngozi unaianikia nini?"

"Si ya mwanao? Ungependa niianike kitandani kwako?"

"Iguse."

"Niiguse nina wazimu?"

"Iguse, mke wangu."

Mama akasogea, akaigusa kwa kidole kimoja. Kisha kwa kiganja. Kisha akaishika ngozi nzima kwa mikono miwili, akaipeleka puani, na nikaona uso wake unabadilika. Akanigeukia. "Wewe!" akasema. "Wewe mtoto! Na mimi kila siku naibeba nimeziba pua!" Akacheka mpaka mdogo wangu mgongoni akaamka, akaja akanivuta kwake, nikanusa choroko na jasho, na alikuwa anacheka bado ila mashavu yamelowa.

Kitanda changu kilichukua siku mbili. Cha boti kilitangulia, sitaficha. Kilipakwa oili, kikatobolewa, vichwa vya bolti vikazamishwa ndani ya mbao visikwaruze, kikapigiliwa zulia kuukuu. Changu kilikuja baada ya hapo, miguu minne na chaga, kimepakwa oili chafu ile ile iliyobaki, ndiyo maana nimewaambia habari ya kukaa na nguzo za kuku. Mama alijaza godoro jipya kwa pamba ya msimu ule tuliyoizuia isiende kwa wanunuzi. Nikalala juu, hewa inapita chini yangu, nikajiona nimepanda cheo.

Asubuhi, kabla sijafumbua macho, nilijua.

Sijui kama ni furaha, au ni ule uji wa jioni ambao sasa nilikuwa nimeruhusiwa na nikanywa kwa fujo. Nilivuta shuka mpaka kidevuni nikalala kama maiti. Na siku yenyewe ndiyo ilikuwa ya kupandisha boti kwenye tela. Uani nilisikia wanaume wamekwisha kufika, Maduhu, majirani, wengine waliokuja kutazama tu, na Mama Uji ameleta sufuria yake kwa kuwa palipo na watu ndipo penye biashara. Wote walikuwa wameshaambiwa, maana baba alikuwa amemtangazia kila aliyepita njia kwamba binti yake siku hizi halowi.

Akaingia na kikombe cha chai mkononi, anatabasamu, aje kuniuliza nimelalaje. Alinitazama. Akasogea, akaweka kiganja kwenye ukingo wa godoro, akakiacha pale kidogo. Nje mtu alikuwa anauliza kamba iko wapi.

Baba akainua macho kwenye bati juu yetu. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mingi; ardhi ilikuwa imepasuka, na ng'ombe walikuwa wameanza kupelekwa mbali kufuata maji.

"Mama Kabula!" akapaza sauti. "Bati la huku linavuja! Limemlowesha mtoto, godoro lote maji!"

Nilisikia kijiko cha Mama Uji kinatulia ndani ya sufuria. Kisha sauti ya mama, kali, ya mke aliyechoka kuomba kitu kile kile:

"Si nilikuambia tangu masika uzibe hilo bati? Nilikuambia!"

"Basi nimekosa! Nipe nyundo!"

Akabeba godoro langu mwenyewe mbele ya watu wote, akalianika wazi katikati ya ua. Akaegemeza ngazi. Wanaume waliokuja kunyanyua boti wakasimama wameshika viuno wanamtazama anapanda.

"Baba Kabula," jirani mmoja akauliza, "mvua ya wapi kiangazi hiki?"

"Wewe ungoje inyeshe ndipo uzibe," baba akajibu kutoka juu. "Utaniambia."

Maduhu alikwenda akashika ngazi isiteleze.

Bati lile lilikuwa zima, halina tundu hata moja. Matundu ni aliyoyatoboa yeye kwa misumari yake, na masika yaliyofuata bati lilivuja kweli. Lakini asubuhi ile alipiga magoti juu pale kwenye jua, misumari ameibana kwa midomo, akainama ukingoni mpaka akaniona nimesimama mlangoni nimejifunga shuka.

"Kabula," akaita, wote wasikie, "palipovuja ni hapa?"

Nikamtazama. Nikawatazama wale watu.

"Kushoto kidogo, baba," nikasema.

Akasogea kushoto kidogo, akaanza kupigilia.